Jina la Traudel Kubitza

Alfons Kubitza alikuwa amebakiwa na kazi moja tu duniani, na hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Kila timu ya Kettwinkel ilipocheza nyumbani, kabla wachezaji hawajatoka kwenye chumba chao, alishuka ngazi hadi pembeni mwa uwanja, akavua kofia, akashika kipaza sauti na kusoma majina ya wanachama wa klabu waliokufa tangu mechi iliyopita. Alisoma jina moja, akanyamaza. Jukwaa la kusimama, lile la nyuma ya goli la kaskazini, likaitikia kwa pamoja: "Yupo!" Kisha jina la pili.

Desturi hiyo ilitoka mgodini. Enzi za makaa, zamu ilipokwisha na watu wakapandishwa juu, msimamizi alisimama mlangoni pa chumba cha kurudishia taa akaita majina. Hukuitikia jina lako mwenyewe. Aliyekuitikia ni mwenzako, yule uliyechimba naye bega kwa bega, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kama umepanda au hukupanda. "Kubitza!" "Yupo!" Jina lililokosa mwitikio lilikuwa jina la mtu aliyebaki chini, na hakuna aliyekwenda kuoga wala kula mpaka mtu huyo ajulikane alipo. Baadaye mgodi ukafungwa. Bomba refu la moshi likaangushwa kwa baruti huku meya akila soseji na kupiga makofi. Wachimbaji wakageuka walinzi wa maghala, wakageuka wagonjwa wa mapafu, wakageuka majina. Klabu, iliyoanzishwa na mababu zao kwenye uwanja wa kumwagia mawe ya mgodi, ikabaki na ile desturi: kila aliyekufa aitwe, na aitikiwe, ili asiachwe chini.

Mkewe, Traudel, alikuwa na nafasi yake jukwaani, kwenye bomba la chuma la kuegemea, karibu na kona, tangu wakiwa wachumba. Yeye ndiye aliyeanza kuitikia. Sauti yake ilitoka kidogo mbele ya zile nyingine, kali, kama ya mwanamke anayeita watoto waje kula, na maelfu wakamfuata. Wachezaji walikuja na kuondoka, makocha walifukuzwa, viwanja vilibadilishwa majina, lakini mtu akifa Kettwinkel alijua kwamba Alfons atamwita na Traudel atamwitikia. Si watu wengi siku hizi wanaokufa na uhakika wa namna hiyo.

Msimu ule ulianza kama misimu yote inavyoanza Kettwinkel, kwa uongo. Mwezi wa Agosti, jua likiwaka, timu ilishinda mechi za mwanzo, na watu waliosimama foleni kwa muoka mikate wakaanza kuizungumzia ligi ya daraja la kwanza kana kwamba ni shangazi yao aliyewaalika chakula cha Jumapili. Septemba mshambuliaji akauzwa. Oktoba kipa akavunjika kidole, beki akagombana na kocha, kocha akafukuzwa, na timu ikawa inakokota mkia wa daraja la pili. Zamani wachezaji walikaa kwenye nyumba zilezile za matofali za kampuni ya mgodi, na wakifungwa walijificha wasionane na majirani. Hawa wa sasa walikaa mbali, wakaja kwa magari yenye vioo vyeusi, wakifungwa wakaomba radhi kwa simu, kwa maneno waliyoandikiwa na mtu mwingine.

Septemba hiyohiyo ndipo daktari alipomwambia Traudel kuhusu kongosho lake. Alikwenda uwanjani mara mbili zaidi, akimwegemea Bruno Matuschek, rafiki yao wa siku zote aliyekuwa akiuza bia mpaka klabu ilipokataza hela taslimu. Baada ya hapo akawa anasikiliza mechi redioni, miguu juu ya kiti.

"Alfons," alimwambia siku moja akimenya viazi.

"Naam."

"Siku ya kusoma langu, usianze kulialia pale. Watu watakosa pa kuingilia."

"Wewe husomwi karibuni."

"Sijakuuliza lini. Nakuambia vipi. Soma kwa sauti, nyamaza, waache waitikie. Wakiniacha kule chini nitakaa na mama yako milele, na unajua tulivyokuwa tukipendana."

Alfons alicheka, kisha akatoka kwenda kuwaangalia njiwa, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Novemba wakapata mgeni. Daktari Sönke Hartlaub, mkurugenzi mpya wa klabu, mtu wa Hamburg, udaktari wake si wa tiba bali wa vitabu vya biashara. Alileta maua, akasifu mapazia, akala keki ya zambarau ya Traudel, kipande cha kwanza kwa adabu na cha pili kwa pupa.

"Mama Kubitza, keki hii ingepaswa kuuzwa uwanjani."

"Uwanjani kwenu hata hela hampokei," alisema Traudel. "Nani atainunua? Kadi za benki hazina njaa."

Hartlaub alicheka kwa sauti, akajipangusa mdomo, akaingia kwenye lililomleta. Klabu ilikuwa imekauka. Bila wawekezaji, ligi isingetoa leseni kwa msimu ujao, na klabu isiyo na leseni hutupwa chini hata ikifunga magoli mia. Lakini ili wawekezaji waingie, timu ya kulipwa ilipaswa kutengwa na klabu na kufanywa kampuni, na hilo lilitaka robo tatu ya wanachama. Jukwaa la kusimama lilikuwa linapinga.

"Wanakusikiliza wewe, Bwana Kubitza. Mimi wananizomea hata nikisalimia."

Alfons alimtazama muda. Hakupenda viatu vyake, hakupenda saa yake. Lakini leseni aliielewa. Aliwahi kuona mgodi mzima ukifungwa kwa sababu ya karatasi moja kutoka mji mkuu.

"Na majina?" aliuliza.

"Majina hayaguswi. Utasoma wewe, kwa sauti yako, pale pale, mpaka siku utakayochoka mwenyewe."

"Nipe mkono."

Wakapeana mikono juu ya sahani za keki. Kule chini mgodini, mkono ulikuwa mkataba. Watu wawili wakishapeana mikono nani atatangulia chini ya paa lililolegea, hawakuulizana tena, na hakuna aliyekimbilia kwa wakili. Alfons alikuwa ameishi hivyo tangu akiwa na miaka kumi na tano, na hakuwahi kupata sababu ya kujifunza vingine. Mkono wa Hartlaub ulikuwa laini na wa moto kama mkate uliotoka tanurini.

"Alipokupa mkono alikuwa anaangalia saa," alisema Traudel mgeni alipoondoka.

"Ana shughuli nyingi."

"Haya."

Mkutano mkuu ulifanyika Jumapili, katika ukumbi wa michezo wa shule. Wanachama walijaa mpaka kwenye vyuma vya mazoezi ukutani. Jannik Olschewski, fundi bomba wa miaka thelathini na kiongozi wa jukwaa la kusimama, yule anayeligeuzia goli mgongo mechi nzima ili awaongoze watu kuimba, alisimama wa kwanza.

"Kama ni kushuka, tushuke!" alisema. "Daraja la tatu, la nne, tukacheze na wazima moto wa kijijini, mpira ukiingia kwenye zizi la ng'ombe tukauchukue wenyewe. Lakini iwe yetu!"

Ukumbi ulitetemeka kwa makofi. Hapo Alfons akanyanyuka polepole, na kelele zikapungua zenyewe, kwa sababu sauti ile watu walikuwa wamezoea kuisikia wakiwa wamevua kofia.

"Bwana huyu alikuja nyumbani kwangu," alisema. "Amenipa mkono, mke wangu akiona. Majina yatabaki. Mengine yote yaliondoka zamani, mlikuwa mmelala, msije leo mkajifanya mnalilia marehemu ambaye hamkumuuguza. Mimi nitanyoosha kadi ya kijani, ya ndiyo. Nimepewa mkono."

Hakusema zaidi ya hayo. Zilipohesabiwa, kadi za kijani zilipita robo tatu kwa unyoya. Kila aliyekuwemo ukumbini alijua ule unyoya ulitoka wapi.

Jannik alimkuta mlangoni akivaa koti.

"Babu Alfons, umetuuza kwa vipande viwili vya keki."

"Aliyekula ni yeye, si mimi."

"Ndiyo maana nasema umetuuza rahisi."

Baada ya mapumziko ya majira ya baridi, fedha za wawekezaji zikaanza kuonekana. Ukaja mshambuliaji kijana kwa mkopo, mpaka Juni, anayeitwa Matteo Brandstetter, mwenye nywele kama amelala kwenye siagi. Ikaja skrini kubwa juu ya jukwaa la wageni. Akaja mtangazaji wa redio anayepiga mayowe hata akitangaza gari lililoziba njia, na mizinga miwili ya kurushia watu fulana. Mechi ya kwanza ya Februari, Alfons aliposhuka ngazi na karatasi yake mfukoni, binti mwenye vifaa vya kusikilizia masikioni alimwekea mkono kifuani, kwa upole.

"Mzee, leo huna nafasi kwenye ratiba."

"Nafasi gani? Mimi nasoma majina."

"Majina yako kwenye skrini. Tazama."

Alitazama. Majina matatu yalitokea chini ya tangazo la madirisha yasiyopitisha baridi, yakakaa kwa muda ambao mtu anauma soseji na kutafuna, yakafutika. Mojawapo lilikuwa la mtu aliyemfundisha Alfons kufunga mbao za paa. Jukwaa lilibaki limeduwaa. Hakuna aliyeitikia. Mtu ataitikiaje dirisha?

Jumatatu alipanda ofisini kwa Hartlaub.

"Bwana Kubitza, dakika zile televisheni inazitaka. Zimeshauzwa."

"Ulinipa mkono."

"Nilikupa, na nilimaanisha. Lakini hali imebadilika."

"Mgodini hali ilibadilika kila siku. Paa lilishuka, maji yaliingia. Mkono haukubadilika."

Hartlaub alishusha pumzi kama mtu mwenye subira kubwa. Akampa kiti cha kudumu kwenye jukwaa la viti vya sponji, kahawa bure, blanketi la klabu la kufunika magoti. Alfons alishuka ngazi bila kuaga. Nyumbani Traudel alimuuliza kwa nini redioni hakusikika, naye akasema kipaza sauti kilikuwa kibovu. Traudel akazima redio. Alikuwa ameishi naye miaka mingi mno kudanganywa na kipaza sauti.

Kuanzia Machi, jukwaa la kusimama likaanza mgomo. Kila mechi, dakika kumi na mbili za mwanzo, watu walisimama kimya, mikono mifukoni, nyuma ya kitambaa kirefu walichokiandika kwa brashi: MMENUNUA VITI, HAMKUNUNUA SAUTI. Uwanja mzima ulisikia mpira ukigongwa na kipa akitukana mabeki wake, kama mechi ya watoto kwenye kiwanja cha jirani. Ilipofika dakika ya kumi na mbili ngoma ikalia, jukwaa likalipuka. Wale wa viti vya sponji walilalamika kwamba tiketi zao zilikuwa na makelele ndani ya bei. Alfons alisimama mahali pake karibu na bomba la Traudel, na hakuna aliyemtukana. Walimwachia tu nafasi pande zote, kubwa kuliko aliyohitaji.

Traudel alikufa wiki kadhaa baada ya Pasaka, Jumanne asubuhi, redio ikisoma hali ya hewa.

Mechi moja tu ya nyumbani ilikuwa imebaki, ya mwisho wa msimu, dhidi ya timu ya pwani ya kaskazini. Kettwinkel akishinda anabaki, akitoka sare anashuka. Mji mzima ulizungumza hilo. Alfons hakujali hata kidogo, na alishangaa kuona kwamba hajali. Alitaka jina la Traudel lisomwe na liitikiwe. Alivaa suti ya mazishi, ambayo bado ilikuwa na udongo kwenye pindo, akapanda tena zile ngazi za ofisini.

Safari hii Hartlaub alinyanyuka, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, Bwana Kubitza. Keki ile sijaisahau."

"Jina moja tu. Nitalisoma mimi."

"Nimeshaongea na watu wa televisheni. Wamelipenda! Mzee aliyefiwa, mgodi, mechi ya kufa na kupona. Kamera itakuwa usoni kwako, nchi nzima inatazama. Na lile jukwaa likiitikia kwa pamoja..." Akafungua mikono kama anayepima samaki. "Hakuna atakayesema tena kwamba tumeua mila."

Alfons alilisikia lote, akalielewa lote, akalimeza. Angeweza kumtemea mate pale pale. Lakini Traudel alikuwa chini.

Kutoka hapo alikwenda kwenye jengo la zamani la pampu, ambako kundi la Jannik huchorea vitambaa vyao. Aliwakuta wamepiga magoti sakafuni, rangi ya kijani mpaka viwikoni. Jannik alinyanyuka, akajifuta kwenye suruali.

"Babu. Pole. Mazishini nilisimama nyuma, sijui kama uliniona."

"Nilikuona. Jumamosi nasoma jina lake."

Wote wakaacha brashi.

"Wamekuruhusu?"

"Wameniruhusu. Nataka neno moja kutoka kwenu. Nalisoma, mnaitikia, basi. Mkinyamaza dakika kumi na mbili baadaye, mkinyamaza mwaka mzima, shauri yenu."

Jannik alifuta vidole kimoja kimoja. Kisha akauliza, "Kamera itakuwepo?"

"Itakuwepo."

"Sasa unaona, babu? Jumamosi tumepanga kunyamaza tangu mageti yanapofunguliwa. Tukiitikia, wanapata picha wanayoitaka. Kesho yake inakuwa tangazo: mila iko hai, wafu wanaitwa, njooni mnunue tiketi. Wanamuuza Mama Traudel na madirisha."

"Mama Traudel alikunywesha supu ya njegere kwenye lile jukwaa, pua ikikutiririka."

"Usinifanyie hivyo."

"Alikushonea skafu."

"Babu, usinifanyie hivyo! Nani aliyewafungulia mlango hawa watu? Mimi?"

Mmoja kule sakafuni akasema chinichini, "Keki," na mwingine akamkanyaga.

Alfons alisubiri.

"Siwezi kuamua peke yangu," alisema Jannik mwishowe. "Kwetu tunapiga kura. Nitawauliza."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Na nitajuaje?"

"Utasikia," alisema Jannik. "Au hutasikia."

Jumamosi uwanja ulijaa saa nyingi kabla. Bruno Matuschek alimsindikiza Alfons hadi juu ya ngazi, akamwekea sawa kola ya shati.

"Wataitikia," alisema Bruno. "Si wanyama wale. Mimi nimewauzia bia tangu hawajaota ndevu."

"Hilo ni kosa la jinai, Bruno."

"Basi wananidai shukrani."

Alishuka. Yule binti wa vifaa vya masikioni alimwelekeza asimame kwenye alama nyeupe. Kijana mwenye kamera alipiga goti mbele yake, karibu kiasi kwamba Alfons aliona uso wake mwenyewe kwenye kioo cha lenzi, mdogo na wa duara. Muziki ulizimwa. Mtangazaji wa redio alimtambulisha kwa sauti ya msiba ambayo bila shaka aliifanyia mazoezi. Alfons akavua kofia.

Kwenye jukwaa la kaskazini watu walisimama wamebanana, wamevaa nyeusi na kijani za klabu, mpaka juu kabisa. Kwenye bomba la kona waliacha pengo la mtu mmoja. Jannik alikuwa juu ya kijukwaa chake, na leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameelekea uwanjani.

"Traudel Kubitza," alisoma Alfons. Hakulia. Alilisoma kwa sauti, wazi, kama alivyoagizwa, kisha akanyamaza awape pa kuingilia.

Walivua kofia. Zile kofia zote na skafu zote zilishuka kwa pamoja, na maelfu ya vichwa vikainama. Midomo ilifungwa. Bendera moja iligonga mlingoti wake. Alfons alingoja kuliko alivyowahi kumngojea yeyote. Alikuwa bado na kipaza sauti mdomoni, na uwanja mzima ukawa unasikia pumzi yake, ile pumzi ya vumbi la makaa.

Kisha upande wa viti vya sponji mtu akaanza kupiga makofi. Walidhani imekwisha. Makofi yakaenea, ya adabu, ya ukumbi wa tamthilia, na wengine wakasimama na glasi zao mkononi. Hartlaub alisimama pia. Kwenye skrini kubwa uso wa Alfons ulikuwa mpana kama nyumba, na chini yake yakateleza madirisha.

Akampa binti kipaza sauti, akavaa kofia, akapanda ngazi. Bruno alikuwa amegeukia ukuta.

Alfons hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi za nyuma, pale ambapo mtu haoni uwanja bali anausikia. Dakika kumi na mbili za kimya, ngoma, na mlipuko. Kipindi cha pili kikaja mlipuko mwingine, mkubwa, na mtangazaji akapiga yowe la goli: "Matteooo!" Na jukwaa lilelile, midomo ileile, likaitikia mpaka ngazi zikatikisika: "Brandstetter!" "Matteooo!" "Brandstetter!" Mara tatu, kwa kijana wa mkopo ambaye msimu ujao angekuwa anaitwa kwenye uwanja mwingine na watu wengine.

Kettwinkel alibaki daraja la pili. Watu waliingia uwanjani wakakata vipande vya nyasi wakapeleka nyumbani. Magari yalipiga honi hadi asubuhi.

Jumatatu Alfons alikuwa kwenye bustani yake, nyuma ya reli, akipanda maharage ya kutambaa, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya Traudel na ambayo alikuwa anaikosea. Geti la mbao lilikuwa limefungwa. Jannik alisimama nje yake akiwa na nguo za kazi, gari lake la ufundi bomba likinguruma barabarani.

"Babu."

Alfons aliendelea kuchomeka fito.

"Tulipiga kura Ijumaa. Karibu zilingane. Nusu walilia." Alikuwa ameshika geti kwa mikono yote miwili lakini hakulisukuma. "Ningeweza kunyamaza usijue. Mimi nilipiga hapana."

"Ulikuwa na sababu."

"Nilikuwa nayo. Bado ninayo."

"Mimi pia nilikuwa nayo, Novemba." Alfons alifunga fito kwa kamba, akavuta, fundo likateleza, akaanza upya. "Tumepiga kura vizuri sisi wawili. Klabu ina leseni, na jukwaa lina heshima. Mwenye hasara ni mmoja tu, na huyo hakuwa na kadi."

Jannik alifuta pua kwa mkono wenye grisi. "Hakuna kamera hapa," alisema. "Hakuna mtu. Niruhusu niseme lile neno sasa. Nitalisema kwa sauti yote niliyo nayo."

Hapo ndipo Alfons alipogeuka akamtazama, kwa muda, kama anavyotazamwa mtu aliyepanda kutoka mgodini na kumwacha mwenzake.

"Wewe usiseme kitu," alisema. "Nenda kawaulize wenzako kwanza."

Jannik aliachia geti. Gari lilipoondoka, Alfons alirudi kwenye maharage, akayapanda yaliyobaki kwa kina kisichofaa, mengi mno katika shimo moja.